Gauni la kahawia la mama na rangi za Marrakech

Basi msomaji wangu, yote yalianzia kwenye sanduku la bati la mama, pale Magomeni. Siku hiyo nilikuwa natafuta kanga ya kujifunga nifanye usafi uani, mara mkono ukagusa kitu kinachoteleza. Kuvuta, gauni! La kahawia, kitambaa cha tetroni, mikono iliyovimba mabegani, kola ya kulala, na mkanda wa kitambaa hicho hicho. Nyie vijana wa mjini mnajua maana ya kukutana na kitu kama kile. Watu wanaamka alfajiri kwenda Karume kupekua mitumba, na akipata mtu gauni la zamani la mkato huo anapiga kelele kama kaokota dhahabu. Mimi nimelikuta nyumbani, bure.

Sikuuliza. Nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko, hadi kwa fundi wangu Kinondoni. Nikamwambia apunguze pindo lije juu ya goti, akaze kiuno, aweke na pedi mabegani ili bega lisimame. Jumapili iliyofuata nikalivaa, viatu vya kisigino kinene, kilemba cheusi kichwani, nikaenda kula wali kwa mama. Njia nzima makonda wananiita mrembo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha akaniangalia. "Umelitoa wapi hilo?"

"Sandukuni, mama. Ndiyo fasheni sasa hivi, vitu vya zamani."

Mama akaweka sinia chini, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilikula peke yangu. Nilipogonga kuaga, nilisikia neno moja tu kutoka ndani: "Ungeniuliza."

Wiki mbili baadaye nikapanda ndege. Msidhani nilikimbia, safari ilipangwa siku nyingi. Shoga yangu anauza mikoba ya ngozi ambayo huifuata Moroko, akaniomba nimsindikize maana mwenyewe anaogopa viwanja vya ndege. Tukabadilisha ndege njiani, tukatua Casablanca macho mekundu, tukapanda treni kwenda kusini. Kama saa tatu hivi unaangalia dirishani. Mwanzo mashamba, halafu nchi inakauka, halafu udongo unageuka mwekundu kama ule wa njia ya Dodoma, na mwisho unaingia kwenye mji uliojengwa kwa rangi ya udongo huohuo.

Shoga yangu aliposhuka tu akasema, "Mbona mji mzima rangi moja?"

Ni kweli. Marrakech ni mji wa karne ya 11, na kuta zinazouzunguka mji wake wa kale ni za udongo ulioshindiliwa. Wenyewe wanauita mji mwekundu, ila wekundu wake una ugomvi kidogo. Asubuhi ni kama pinki iliyofuliwa mara nyingi. Mchana, jua likiwaka, ni kahawia tupu. Jioni unakuwa kama tofali lililotoka tanuruni sasa hivi. Hata majengo mapya nje ya kuta hupakwa rangi za ukoo huohuo, hoteli, benki, nyumba za watu, vyote. Nikatembea siku ya kwanza nikijiambia, haya, nimekimbia gauni la kahawia Dar, nimekuja kulikuta limevalishwa mji.

Lakini ingia sasa sokoni. Juu ya ile kahawia, mungu wangu, kila rangi inapiga kelele! Makubazi ya ngozi ya njano yamepangwa ukutani kama ndizi. Mwanamke anapita na jalaba la zambarau na mtandio wa kijani, wala hajali. Kwenye kichochoro cha watia rangi, nyuzi za sufu zilizotoka kuchovywa zimeanikwa juu ya vichwa vyenu, nyekundu, buluu ya nili, njano ya zafarani, na ukipita chini yake unamulikwa na rangi mpaka usoni. Nikamtazama shoga yangu, uso wake nusu nyekundu nusu njano. Pale ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini mtu mmoja wa Paris alikuja hapa kwa matembezi akaondoka na hati ya nyumba.

Mtu huyo ni Yves Saint Laurent. Kwa wale wanaomjua kwa herufi tatu kwenye mikoba na manukato, nieleze kidogo. Alizaliwa Oran, Algeria, mwaka 1936, enzi za Wafaransa. Akiwa na miaka 21 tu alikabidhiwa ubunifu wa jumba la Dior baada ya bosi wake kufariki. Baadaye akaanzisha jumba lake mwenyewe pamoja na Pierre Bergé, mwenza wake wa maisha na wa biashara. Mwaka 1966 ndiye aliyewavalisha wanawake suti nyeusi ya jioni ya kiume, wazungu wakachanganyikiwa.

Mwezi Februari mwaka huohuo ndipo alipofika Marrakech mara ya kwanza na Bergé. Bergé alisimulia baadaye kuwa siku za mwanzo mvua ilinyesha tu, wakakaa hotelini wamenuna, mpaka asubuhi moja jua likatoka. Walipoondoka walikuwa wameshanunua nyumba ndani ya mji wa kale. Tangu hapo akawa anarudi kila mwaka, hasa mwanzoni mwa Desemba na mwanzoni mwa Juni, kuchora nguo za msimu unaofuata. Alikuwa akisema wazi kwamba kabla ya mji huu kila kitu kwake kilikuwa cheusi, na kwamba Marrakech ndiyo iliyomfundisha rangi.

Sasa twende kwenye bustani yake, maana ndiko watu wote wanakokwenda. Tiketi hukatwa kwa intaneti kabla, na usijifanye mjanja ukaenda hivihivi mlangoni, utarudishwa kama sisi tulivyorudishwa siku ya kwanza. Inaitwa Jardin Majorelle. Aliyeianzisha ni mchoraji Mfaransa, Jacques Majorelle, aliyenunua kiwanja hapo mwaka 1923, akapanda minazi ya jangwani, mianzi, mikakati ya kila umbo, na mwaka 1937 akaanza kupaka kuta rangi ya buluu ambayo leo ina jina lake. Majorelle alifariki 1962, bustani ikadorora. Mwaka 1980, walipokuwa wanataka kuivunja wajenge hoteli, Saint Laurent na Bergé wakainunua wao.

Hiyo buluu niielezeje? Mnaikumbuka buluu ya kufulia mashuka meupe, ile inayouzwa kwenye vipakiti? Chukua ile kabla hujaitia maji. Ndiyo hiyo, nyumba nzima! Halafu fremu za madirisha njano. Halafu vyungu vya maua, kimoja cha machungwa, kimoja njano, kimoja buluu hafifu. Na juu ya ukuta bogenvilia imejimwaga pinki bila aibu. Ukimweleza mtu kwa maneno atasema hiyo ni saluni ya Manzese. Ukisimama mbele yake unanyamaza.

Nilikaa kwenye benchi muda mrefu kuliko shoga yangu alivyotaka. Nilichokuwa natafuta ni siri ya mchanganyiko, maana sisi Dar tumefundishwa na mafundi wetu kuwa nguo iwe na rangi mbili, ya tatu ni ya mkanda, basi. Yule bwana alivunja hiyo sheria kila siku. Aliweka pinki ubavuni mwa nyekundu, na machungwa ubavuni mwa pinki, rangi ambazo ni ndugu wa tumbo moja na ambazo mafundi wengi wangeogopa zisigombane. Alitia zambarau na kijani kwenye vazi moja. Alipochora nguo, alibandika vipande vidogo vya kitambaa pembeni ya mchoro, ili aone rangi zinavyozungumza kabla mkasi haujagusa kitu. Na ukiangalia sana utagundua kuwa nyuma ya zile kelele zote kuna rangi moja imetulia. Mara nyingi kwake ilikuwa nyeusi. Hapa mjini ni udongo. Weka ile bogenvilia kwenye ukuta mweupe, itakuwa ua zuri. Iweke kwenye ukuta wa kahawia, inawaka.

Mwaka 1989 alitengeneza joho fupi lililotariziwa bogenvilia tupu, kumbukumbu ya bustani hii. Na kwenye chumba kimoja cha bustani yamebandikwa mabango aliyokuwa akiwatumia marafiki na wateja kila mwaka mpya, kuanzia 1970, kila bango rangi zake na neno moja la Kiingereza lenye maana ya upendo. Ukitoka hapo utakuta nguzo ya kale imesimama kati ya miti, na jina lake. Alifariki Paris tarehe 1 Juni 2008, na majivu yake yakaletwa kumwagwa hapa, kwenye maua ya waridi ya nyumba yake. Watu wanapiga picha za kujirusha mbele ya nguzo ile. Mimi nilipita taratibu, nimelelewa hivyo.

Hatua chache kutoka bustanini, kwenye barabara iliyopewa jina lake, kuna makumbusho yaliyofunguliwa Oktoba 2017. Bergé mwenyewe hakuyaona yakifunguliwa, alifariki mwezi mmoja kabla. Nje jengo limepangwa matofali ya udongo kiasi kwamba ukuta unaonekana kama kitambaa kilichofumwa. Ndani kuna ukumbi mweusi, giza la makusudi, na nguo zimesimama kwenye mwanga kama watu wanaokusubiri uwasalimie. Picha hairuhusiwi humo, jambo lililomuudhi sana shoga yangu, akaenda zake kunywa chai ya nanaa.

Kati ya nguo zake za kusifika, iliyonigusa kama mtu wa Afrika Mashariki ni lile koti la jangwani, lenye mifuko minne na kamba kifuani, ambalo picha yake ilisambaa mwaka 1968. Wafaransa wameliita kwa jina la Sahara, Waingereza wakaliita kwa neno letu sisi, safari. Nguo yenyewe asili yake ni ya wanajeshi wa kikoloni na wawindaji wa tembo. Kuja kushtuka, binamu yake ni suti ya Kaunda, iliyochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, ambayo baba zetu walikwenda nayo ofisini na harusini. Na nichomekee hapa, mwezi Oktoba mwaka huohuo 1968, Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, vimini, mawigi na suruali za kubana marufuku kuanzia Januari 1969. Kwa hiyo Paris mwanamke anavalishwa nguo ya mwindaji, Dar mwanamke anawindwa kwa nguo. Haya, tuendelee.

Kilichonifanya nisimame mpaka miguu ikaingia ganzi ni habari ya mwaka 1971.

Ilikuwa hivi. Saint Laurent alikuwa na rafiki, Paloma Picasso, binti wa mchoraji Pablo Picasso. Paloma alikuwa na tabia ya kuvaa nguo za zamani alizookota kwenye masoko ya vitu vilivyotumika, magauni ya miaka ya 1940, vilemba, midomo myekundu ya damu. Kwa Kiswahili cha mjini, binti alikuwa anapiga mitumba. Saint Laurent akamwangalia, akapata wazo. Tarehe 29 Januari 1971, Paris, akatoa onyesho zima la mtindo huo. Mabega ya mraba, sketi fupi za magotini, vilemba, viatu vya soli nene, na koti fupi la manyoya ya mbweha lililotiwa kijani kikali. Mtu aliyekuwa kileleni kachukua mtumba kauleta kwenye jumba la matajiri!

Mlipuko wake si mchezo. Waandishi wa Ufaransa na wa Marekani walimshambulia bila huruma, wengine wakasema halijawahi kutokea onyesho baya kama lile. Na hasira haikuwa ya mkato wala ya rangi. Miaka ya 1940 hadi 1944 Ufaransa ilikaliwa na majeshi ya Ujerumani. Nguo ziligawiwa kwa kuponi. Ngozi ilichukuliwa na jeshi, viatu vya wanawake vikawekewa soli za mbao, na ndiyo sababu vilikuwa vinene. Hapakuwa na soksi za kike, wanawake wakajipaka rangi miguuni ionekane wamevaa. Wanawake waliokaa viti vya mbele mwaka 1971 wengi walikuwa wameyaishi hayo. Wao walipoona soli nene waliona njaa, na walipoona manyoya na midomo myekundu waliwaona wanawake waliokula na adui.

Na yeye je? Wakati wa vita alikuwa mtoto mdogo Oran, ng'ambo ya bahari, akimwangalia mama yake anavyojipamba. Nguo zilezile, miaka ileile. Yeye alikumbuka mama mzuri mwenye bega lililosimama.

Vijana, kwa taarifa yenu, wao hawakugoma. Mwaka uleule mabega yale na viatu vile vikaanza kuonekana barabarani, na mtindo wa kurudi nyuma ukaingia kwenye fasheni moja kwa moja. Nasi tukavipata vya kwetu, kina baba na raizoni zao, na bugaluu zinazofagia lami. Mwaka 2015 Paris ilifanyika maonyesho maalumu ya mkusanyo ule wa kashfa, watu wakaenda kuusifu. Ndiyo dunia.

Mimi hapo nilipo nilikuwa nawaza "ungeniuliza".

Jioni ile, juu ya paa la nyumba tuliyofikia, mnara wa msikiti wa Koutoubia umesimama mbele yangu na mwadhini anaanza, nikampigia mama kwa WhatsApp. Moroko na Dar tunapishana saa mbili, kwake ilikuwa usiku, kajifunga kanga anataka kulala. Nikamzungushia simu aone mji.

"Mbona wa kahawia?" akauliza.

"Ndiyo rangi yake, mama."

Akanyamaza. Nikapata moyo. Nikasema, mama, lile gauni, nimekosa, sikujua. Nilidhani limetupwa tu mle. Akavuta pumzi, halafu akaanza kusimulia, na alisimulia kama mtu anayesoma orodha ya mjumbe wa nyumba kumi.

Ilikuwa 1983. Wenye umri wa mama mnaijua miaka ile, vita vya Kagera vimeshakula akiba, fedha za kigeni hakuna, sabuni hakuna, sukari kwa kipimo, nguo kwa foleni. Siku moja zikaenea habari kuwa duka la kaya limeletewa kitambaa. Akaamka saa tisa za usiku, akapanga jiwe, akasimama. Lilipofunguliwa saa tatu kasoro kikatolewa kitambaa kimoja tu, tetroni ya kahawia, yadi tatu kwa mtu, huchagui. Mtaa mzima wakashona kahawia. Wakawa wanachekana, wamama wote wamefanana kama watoto wa shule. Chini, katambuga, viatu vya tairi la gari.

"Sasa mimi," akasema mama, "nilikuwa naolewa mwezi ule. Nyeupe nilitafuta mpaka Kariakoo kwa magendo, bei yake baba yako hakuiweza. Nikaolewa na hilo."

Jamani. Picha ya harusi ya wazazi wangu iko ukutani sebuleni tangu nazaliwa. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Baba kasimama na suti ya Kaunda, mama pembeni na gauni lenye mikono iliyovimba na kola ya kulala. Nimeiangalia miaka yote, na utotoni, sijui nani aliniambia, niliamini gauni lile lilikuwa jekundu. Sikuwahi kuliunganisha na lile la sandukuni. Picha ile ilikuwa imenificha rangi.

"Na umelikata," akasema mama.

Simu ikakatika, mtandao au yeye, sikujua.

Kesho yake sikununua mikoba. Nilimwacha shoga yangu akipatana bei na wauza ngozi, nikaingia vichochoroni kutafuta mafundi cherehani. Nilimkuta mmoja, mzee mwenye miwani, kibanda chake upana wa kitanda. Anashona ile mikanda ya nyuzi inayopita mbele ya jalaba kutoka shingoni hadi chini. Mtoto wa kiume alikuwa amesimama nje, hatua kadhaa kutoka kwake, kashika nyuzi zimenyooka kichochoro kizima, anazipishanisha mkono huu kwenda mkono ule, mzee anapiga sindano. Wapita njia tunainama chini ya nyuzi. Kazi ya namna hii ndiyo aliyoiangalia Saint Laurent miaka na miaka. Jina lake limepewa barabara. Majina ya akina mzee huyu sijayaona kwenye ukuta wowote, na hilo sikulipenda, nalisema hapa hadharani.

Hatukuwa na lugha ya kuelewana zaidi ya salaam aleikum na kuhesabu kwa vidole. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya gauni la kahawia. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili kama kijana, akaangalia pindo. Akafungua droo akatoa kibunda cha nyuzi za machungwa, akakiweka juu ya ile kahawia ya kwenye kioo. Akakitoa. Akaweka cha pinki, ile pinki ya bogenvilia. Akaviweka vyote viwili pamoja, ubavu kwa ubavu, akaniangalia juu ya miwani.

Nikanunua mita tatu za mkanda wa machungwa kwake, na kitambaa cha pinki duka la tatu kutoka pale, ambako niliibiwa bei, lakini siku hiyo sikuwa na nguvu ya kubishana.

Kurudi Dar, kabla sijapita kwangu, moja kwa moja Kinondoni kwa fundi. "Kaka, pindo ulilokata kwenye gauni langu liko wapi?" Akacheka, akasimama kwenye kiti chake. Alikuwa amelitia kwenye mto wa kukalia. Tukaufumua mto pale pale, wateja wanatuangalia, tukapata vipande viwili vya kahawia vyenye vumbi la pamba.

Jumamosi nikaenda Magomeni. Nikamwekea mama kila kitu mkekani bila maneno mengi, gauni, vipande, kitambaa, mkanda. Aliushika ule mkanda wa machungwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Huu kashona mtu kwa mkono?"

"Ndiyo, mama. Na mtoto kashika nyuzi."

Akauliza bei, nikapunguza nusu, akasema bado ni ghali. Kisha akavaa miwani yake, akaanza kutoa amri. Hayo mapedi ya mabegani toa, nilionekana askari. Vipande virudishwe vilikokatwa. Chini ya hapo iwekwe ile pinki, upana wa shibiri, lishuke mpaka ugoko kama zamani, na mkanda wa machungwa upite hapo rangi mbili zinapokutana kuficha mshono. Mimi ninayejidai najua fasheni nilikuwa naandika tu.

Fundi alimaliza Alhamisi. Mama alisema ni langu, nilivae kanisani. Lakini nilipolitandika kitandani kwake nikaenda jikoni kuchemsha chai, niliporudi nilimkuta mbele ya kioo kalivaa yeye, mikono nyuma, anahangaika na zipu. Nikaja kumsaidia. Ikapanda, ikapanda, ikagoma katikati ya mgongo.

Tukavuta wawili, haikwenda. Mama akaanza kucheka mpaka akakaa kitandani, pinki yote imemzunguka miguuni.

"Mwaka ule nilikuwa na njaa, mwanangu," akasema. "Leta chai."